Nyumba ya Mzaramo Ikiungua

Bibi Marselina akipita mtaa wa Magomeni hapa Kilosa na mkoba wake wa ngozi, watu humpisha njia. Wanajua ndani ya mkoba ule mna vipande vya mbao, picha, na saa ya kuhesabia sekunde, na kwamba mtoto aliyeshindikana darasani hupelekwa kwake akapimwe: kama hasikii vizuri, kama haoni ubao, kama hawezi kutulia, au kama herufi zinamchezea. Wanajua pia ana tabia moja ya ajabu. Kabla hajatoa hata kibao kimoja, humwuliza mtoto, "Kwenu ni wapi, mwanangu? Mimi na wewe tuna utani?" Wengine wanadhani ni uzee unaanza kumpanda kichwani. Mimi najua tabia hiyo ilianzia wapi, maana mimi ndiye mwalimu niliyemwita mjinga mbele ya darasa zima. Naitwa Cleopa, Mzaramo wa Maneromango, na kama unataka habari za mtu kutoka kwa yule aliyemkosea, vuta kiti.

Nilifika kwenye shamba la mkonge, upande wa Chanzuru, mwaka 1949. Shule ilikuwa chumba kimoja cha matofali ya udongo, bati juu, na viti arobaini. Kampuni ilikuwa imesema arobaini, basi ikawa arobaini, hata kama kambini kulikuwa na watoto mia mbili. Mtoto asiye na kiti alikwenda kuanika katani pamoja na mama yake, kutandaza singa, zile nyuzi mbichi za mkonge, kwenye waya kutwa nzima, jua la mchana likipiga kwenye ule weupe mpaka machozi yanamtoka. Niliwaona watoto wa miaka kumi wenye macho mekundu ya wazee. Kwa hiyo nilipokuwa namtoa mtu kwenye kiti nilijua namtoa kwenda wapi, na sina pa kujificha.

Kambi ile ilikuwa imejaa Wanyamwezi, manamba walioletwa kwa treni kukata mkonge, wakaoa, wakazaa, wakasahau kurudi. Na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, hilo sina haja ya kumfundisha mtu. Siku ile ile niliposhuka na sanduku langu, mkataji mmoja mwenye mikono iliyochanika kwa miiba alinivua kofia kichwani, akaivaa, akawatangazia wenzake kwamba mtumwa wake aliyetoroka zamani leo amejileta mwenyewe. Huyo alikuwa Donati. Nililazimika kuikomboa kofia yangu kwa kuku mzima. Baada ya hapo tukawa marafiki wa kweli.

Tatizo ni kwamba utani haubagui umri. Mtoto wa Donati ni mtani wangu kama Donati mwenyewe, na darasa zima la watani halifundishiki, utafundisha vipi mtu anayekuita mtumwa wake? Nikaweka sheria moja, nikaisema siku ya kwanza nikiwa nimesimama kizingitini. "Ndani ya mlango huu mimi ni Mwalimu, na ni shikamoo. Nje ya mlango tutakutana." Watoto wakaishika sheria ile vizuri kuliko walivyoishika hesabu. Mtoto alikuwa ananiamkia kwa adabu zote akiwa ndani, anatoka hatua moja, anageuka na kuniuliza kama kwetu Uzaramo tumeshajua kupika.

Marselina alikuwa binti wa pili wa Donati, na alinitoa jasho kuliko wote. Hakai. Ukimweka kwenye kiti anakalia mguu mmoja, halafu mwingine, halafu yuko dirishani anatazama reli ndogo inayopeleka majani ya mkonge kwenye korona, ile mashine ya kuyakamua. Ukimtuma maji anarudi na habari za kambi nzima na ndoo nusu. Lakini kusoma alikuwa anasoma, tena bila kukwama, miaka miwili, kitabu mkononi, sauti kama kengele. Nilimsifu mpaka kwa baba yake.

Halafu siku moja, akiwa darasa la tatu, kurasa mbili za kitabu chake zilikuwa zimegandana kwa uji. Nikamwambia asome ukurasa wa sita. Akasoma vizuri kabisa, neno kwa neno, huku kidole chake kinatembea kwenye ukurasa wa nane. Nikachukua kitabu, nikafungua katikati, nikamwonyesha neno moja fupi. Hakulijua. Nikamwonyesha jingine. Hakulijua. Kumbe miaka yote ile alikuwa anasikiliza wenzake wakisoma, anameza kitabu kizima kwa masikio, kisha anakitapika.

Nilikasirika vibaya sana. Nilimchapa kwa udanganyifu, nikamwambia mbele ya wote kwamba ni mjinga, na kwamba alikuwa amekalia kiti cha mtoto mwingine. Sikujiuliza hata kidogo, mtu anayeweza kubeba kitabu kizima kichwani kwa kukisikia tu, huo ni ujinga wa aina gani? Swali hilo lilinijia baadaye, na lilinichapa kuliko nilivyomchapa yeye.

Mwaka 1952 kampuni ikaleta mpimaji. Alikuwa mama wa Kizungu, mrefu, mwenye miwani ya kamba, amesomea kupima akili za watoto, anazunguka shule za mashamba na sanduku la mbao. Watoto walimwita Bibi Vipimo. Kampuni ilitaka kujua watoto gani wanastahili viti na wepi wanavipotezea muda. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chai, basi mimi ndiye nikawa mdomo wake: yeye anauliza kwa Kiingereza, mimi namgeuzia mtoto, mtoto anajibu, mimi namrudishia, naye anaandika.

Alikuwa mtu mwema, nisimseme vibaya. Aliona watoto wanakakamaa wakiniona mbele ya ubao, akasema tutoke nje, tukae barazani kwenye ghala la katani, juu ya mkeka. Akaniambia, "Leo usiwe mwalimu. Ongea nao kama mko nyumbani." Nikavua koti, nikakaa.

Nje ya mlango, unaona? Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Marselina. Bibi Vipimo akauliza, nami nikageuza, "Ukiona nyumba inaungua, utafanya nini?"

Marselina akanitazama. Akautazama mkeka, akautazama mlango wa darasa, kule mbali. Akasema taratibu, "Ya nani? Ikiwa ya Mzaramo, nitaleta mahindi nichome."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Bibi Vipimo naye akatabasamu, akaniuliza amesema nini. Nikamwambia kama lilivyo, kwamba anasema ataleta mahindi ya kuchoma. Akaandika. Swali la pili lilikuwa afanye nini akipotea porini. Akajibu atamtafuta Mzaramo, aone anakokwenda, halafu yeye aende kinyume. Nikacheka, nikamgeuzia, akaandika. Walikuja kumi na mmoja siku ile, wote wa Kinyamwezi, na kila mmoja alitaka kumshinda mwenzake. Mmoja alionyeshwa picha ya punda, akaulizwa ni nini, akataja jina langu. Tulikuwa na furaha asubuhi ile. Niliporudi nyumbani nilimsimulia Donati, akacheka mpaka akalala chini.

Baada ya wiki mbili karani wa shamba akaniletea barua. Ilisema watoto kumi na mmoja wameonekana kuwa na akili nzito mno, hawafai kuendelea na masomo, waondolewe mwisho wa mwezi na viti vyao wapewe wengine. Majina yalifuata. La kwanza lilikuwa Marselina binti Donati, na mbele yake pameandikwa: hata hatari ya moto haielewi.

Niliisoma ile karatasi mara mbili pale uwanjani. Nilikuwa nimewauza watoto wa watu kwa kicheko changu. Jioni nikaenda kwa Donati nikamwambia yote. Nilitegemea matusi, afadhali yangekuwa matusi. Mkewe Sesilia alikuwa amesimama mlangoni na vumbi la singa kwenye nywele. Donati akamtazama, kisha akaniambia, "Mwalimu, mke wangu haoni vizuri tena jua likitoka. Naomba mtoto asiende kwenye waya." Aliniita Mwalimu, nje ya mlango. Alikuwa hajawahi kuniita hivyo, na iliniuma kuliko tusi lolote.

Nikauliza kwa karani, nikaambiwa Bibi Vipimo ameshaondoka Kilosa, yuko Mikumi anapima watoto wa wajenzi wa barabara. Nikapata lifti kwenye lori la magunia. Njiani tembo walisimama barabarani, dereva akazima injini, tukakaa saa mbili tukiwatazama wakila kana kwamba dunia haina haraka. Mimi nilikuwa najifunza kichwani maneno ya Kiingereza ya kumwambia, na kila nikiyapanga yanaanguka. Nilijua naweza kupoteza kazi. Lakini nilishapiga moyo konde.

Nilimkuta kwenye kibanda cha wageni, anakunywa chai, sanduku liko miguuni. Nikamwambia lile kosa ni langu. Nikamweleza utani, jinsi mtu anavyoweza kumtukana mtani wake hata msibani, na aliyetukanwa hakasiriki, anacheka na kulipiza. Nikamweleza sheria ya mlango. Alisikiliza bila kunikatiza. Mwisho akauliza, "Kwa nini hukuniambia palepale?"

"Nilidhani unaona kwamba tunacheka, Bibi."

Akaweka kikombe chini. "Niliona," akasema. "Nilidhani mnamcheka mtoto kwa kuwa mjinga."

Nasi tulikuwa watu wazima wawili wenye elimu zetu. Kisha akafungua daftari lake, akaanza kusoma majibu ya Marselina tangu mwanzo, polepole. Alipofika kwenye mahindi mabega yake yakaanza kutikisika. Akavua miwani, akaifuta. "Huyu mtoto," akasema, "amejibu kila swali kwa mzaha wake, na hakuna mzaha uliorudiwa. Mjinga hawezi hivyo." Akaniambia atarudi shambani Jumatatu, siku moja tu, na safari hii nimtafutie mdomo mwingine.

Mdomo nilioupata ulikuwa wa Lupakisyo, mganga wa zahanati ya shamba, Mnyakyusa wa Rungwe. Hakuwa na utani na Wanyamwezi, na sidhani alikuwa na utani na mtu yeyote duniani. Watoto walimwogopa kwa sababu ya sindano. Nikamwambia asivae koti jeupe, nikawaambia watoto kwamba hakuna kuchomwa, na mara hii tukafanyia ndani ya darasa. Mimi nilifukuzwa nje. Nilizunguka kile chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kumi walipita vizuri, mmoja baada ya mwingine. Marselina aliingia wa mwisho, akakaa humo muda mrefu mno. Kupitia dirishani nilimwona ameondoka kwenye kiti, anatembea huku na huko, nikasema moyoni, basi, amekwisha. Lakini Bibi Vipimo alikuwa amemruhusu. Anauliza, Marselina anatembea na kujibu. Akampa vibao vya kupanga, akavipanga kabla saa haijazunguka. Akamtajia tarakimu saba, akazirudisha kutoka mwisho kwenda mwanzo. Kisha akamwekea ukurasa wa maandishi, na binti yule aliyekuwa anang'aa akazimika palepale. Alisimama, mikono nyuma, akasema kwa sauti ya chini, "Hayakai mahali pamoja, Bibi. Nikiyatazama yanageuka."

Bibi Vipimo aliniita ndani. Akaniambia kwamba hata kwao Ulaya wapo watoto kama huyu, na kule pia waliitwa wavivu na wajinga mpaka watu walipoanza kuwapima vizuri. Akili imejaa tele, njia ya herufi tu ndiyo imepinda. Akasema mtoto afundishwe kwa mkono pamoja na macho, aishike herufi, aipapase, na asikalishwe zaidi ya dakika kumi bila kuachwa akimbie. Kumi walirudishiwa viti siku ile ile. Kwa Marselina kampuni ilitoa mwaka mmoja. Mwisho wa mwaka angesoma mbele ya mkaguzi ukurasa ambao hajawahi kuusikia. Akishindwa, anakwenda kwenye waya.

Mwaka ule sitausahau. Sesilia aliokota singa fupi zilizotupwa, akazisokota kamba nyembamba, akazishonea juu ya vipande vya gunia kwa sindano ya magunia, kila kipande herufi moja, alfabeti nzima. Yeye mwenyewe hajui hata moja. Mimi nilichora kwa mkaa, yeye akafuata kwa uzi. Marselina alikuwa anafumba macho na kupapasa, kidole kinapanda na kushuka kwenye kamba, midomo inatembea.

Miezi miwili ya kwanza hakuna kitu. Ndani ya darasa, akiniona nimesimama, herufi zote zinamkimbia. Nikakata tamaa, nikakasirika, nikajikasirikia mimi. Kisha siku moja nilimsikia uani akimtania mwenzake, maneno yanatoka kama maji, nikasema kumbe mimi ndiye mzito. Nikachukua vile vipande vya gunia, nikamtoa nje, barazani, kwenye mkeka ule ule. Nikamwambia, "Sikiliza, mtani. Ukiipata herufi, una ruhusa ya kunitukana. Ukiikosa, nakutukana mimi."

Weee, nilitukanwa. Nilitukanwa mimi, bibi yangu, chakula chetu, mwendo wetu, na ndevu zangu ambazo hata hazijaota vizuri. Alikuwa anaikamata herufi kwa nguvu zote ili apate zamu yake. Dakika kumi, anakimbia hadi kisimani na kurudi, dakika kumi nyingine. Kutoka herufi tukaenda silabi, kutoka silabi tukaenda maneno, na matusi nayo yakawa marefu zaidi. Wakataji wakitoka kazini walikuwa wanasimama kusikiliza. Mwezi wa tisa alisoma sentensi nzima iliyoandikwa kwenye mfuko wa mbolea, bila kuambiwa, akipita tu. Aligeuka akanitazama kana kwamba mfuko ndio uliomsemesha. Sina aibu kusema kwamba nililia, mtu mzima, mbele ya mfuko wa mbolea.

Siku ya mkaguzi, Donati hakwenda kukata. Alisimama chini ya dirisha na Sesilia, wamevaa nguo za kanisani. Bibi Vipimo alikuja pia, na daftari lake. Ilikuwa ndani ya mlango, kwa hiyo Marselina aliingia akatuamkia wote shikamoo, akaomba asome akiwa amesimama. Mkaguzi akatoa kitabu kipya mfukoni, ambacho kurasa zake zilikuwa bado zimeshikana kingoni, akazitenganisha kwa kisu na kumpa.

Hakusoma kwa sauti ya kengele kama zamani. Alisoma polepole, kidole chini ya neno, kidole cha mkono wa pili kinachora kwenye paja lake ile kamba ya mama yake. Akikwama alifumba macho, akapapasa hewani, akafungua, akaendelea. Jasho lilimtoka mpaka likadondoka kwenye karatasi. Ukurasa ukaisha. Mkaguzi akamwonyesha unaofuata, akausoma nao. Mkaguzi akafunga kitabu, akasema, "Kiti ni chake." Nje dirishani nikamsikia Sesilia akishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Bibi Vipimo akasema ana swali moja la mwisho, akaliuliza mwenyewe, kwa Kiswahili alichojifunza mwaka mzima. "Marselina. Ukiona nyumba inaungua, utafanya nini?"

"Nitapiga yowe, Bibi," akasema, mikono nyuma, kwa adabu zote. "Nitawatoa watoto kwanza. Kisha tutapanga mstari hadi kisimani na ndoo."

Akaandika. Marselina akaomba ruhusa ya kwenda, akaruhusiwa. Akatembea hadi kizingitini, akatoa mguu mmoja nje, halafu wa pili, akageuka na kunitazama usoni.

"Lakini ikiwa ya Mzaramo," akasema, "mahindi kwanza."

Bibi Vipimo alikuwa wa kwanza kucheka, na safari hii hakuandika kitu.